Madirisha ya Mombasa: tazama skrubu kabla ya kioo

Mwaka wa pili tu, ukuta wa nyumba yangu Bamburi ulianza kutoa machozi ya kahawia. Chini ya kila dirisha la kusukuma palikuwa na michirizi miwili, kushoto na kulia, ikiteremka juu ya rangi nyeupe. Nikadhani ni uchafu wa mvua za kusi. Siku moja nikapanda stuli, nikatia bisibisi kwenye skrubu ya pembeni, kichwa kikang'oka kama ganda la njugu. Fremu ya alumini ilikuwa nzima. Zilizooza ni skrubu.

Kwa hivyo leo rangi ya kioo wala unene wa fremu sivisemi. Hayo fundi atakuonyesha kwenye katalogi hadi uchoke. Skrubu hakuonyeshi. Nyingi ni chuma kilichopakwa zinki, na hewa yetu ya chumvi huila zinki ile ikaisha, kisha ikaingia kwenye chuma. Taka stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, ya daraja la 316, ambayo kwenye boksi au kichwa cha bolti huandikwa A4. A2 ndiyo 304, ya daraja la chini, na karibu na bahari huanza madoa mapema. Mimi sasa natembea na sumaku ya spika mbovu mkobani. Ikinata kwa nguvu, hiyo si stenlesi tunayoitaka. Isiponata, bado dai boksi, maana sumaku haijui A2 na A4.

Chaguo langu la kwanza ni dirisha la uPVC, yaani plastiki ngumu, la kampuni ya Rehau, la kufungua kwa bawaba. Nina upendeleo, nakiri, na hakuna aliyenilipa. Niliiweka chumba cha kulala nilipong'oa yale ya kwanza, na ukuta wake hadi leo haujalia. Lakini bawaba na skrubu zake pia ni chuma, kwa hivyo sumaku itoke mkobani palepale.

La pili ni alumini ya bawaba iliyopakwa rangi ya unga (hupuliziwa kavu, kisha huokwa), kwa sharti la skrubu za A4. Dirisha la kusukuma ni la tatu: hufunguka nusu tu, na mwezi wa Februari nusu ya upepo ni dhuluma. Reli yake nayo hukusanya mchanga. Ukilichukua, hakikisha reli ina vitundu vya kutolea maji upande wa nje. Fundi wangu aliviziba kwa silikoni, ati vinaingiza mbu!

Luva za vioo na fremu za chuma cha kuchomelea ni za bei rahisi. Paka rangi kila mwaka, basi.

Pambo la pembezoni usilipie mpaka ukingo wa nje chini ya dirisha uwe umeinamia nje na una mfereji mdogo chini yake, maji yadondoke yasirudi ukutani.

Na bei! Ukitaja Nyali, mtaa wa wenye nazo, inapanda ghorofa. Unapewa hesabu ya dirisha, umeshatoa arubuni ndipo unaambiwa neti ya mbu ni kando, kufuli kando, usafiri kando. Juzi duka moja nikauliza skrubu ni za aina gani. Kijana akanijibu, "Mama, hizo ni za kawaida, hazionekani." Nikatoa sumaku. Ikanata tap! Akaenda kumwita mwenye duka, na mwenye duka akawa ametoka kuswali. Ilikuwa saa nne asubuhi.