Earth Song au Heal the World?

Zote ni nyimbo za Michael Jackson, lakini Heal the World (1991) inabembeleza: sauti laini, watoto wanaitikia, unajisikia vizuri. Basi.

Earth Song (1995) haikuachi hivyo. Inaanza taratibu na kinanda, kisha maswali yanarundikana: bahari, misitu, tembo. Mwishoni kwaya inamjibu naye anapaza sauti kama aliyefiwa. Kwenye video, ambayo sehemu yake ilipigwa Tanzania, anapiga magoti na kuchota udongo kwa viganja. Kimbunga kinavuma, miti iliyokatwa inasimama tena. Huko Uingereza, Earth Song ilishika namba moja kwenye chati wiki 6.

Ukitaka faraja, chagua ya kwanza. Mimi ya pili ndiyo iliyonifanya nilie, maana inataja kilichouawa.