Maabara iliyonikatalia kopo la mdogo wangu

Nilipanda daladala mbili nikiwa na kopo la plastiki ndani ya mfuko mweusi, mfuko ndani ya mkoba, mkoba mapajani, na kila konda alipogonga bati naushika kwa mikono miwili. Ndani ya kopo ulikuwemo uvimbe waliomtoa mdogo wangu kwenye titi asubuhi ile, ukielea kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Hospitali aliyopasuliwa haina maabara ya patholojia, ile inayochunguza nyama ya mwili kujua ugonjwa, na sehemu kama hizo tarishi ni ndugu wa mgonjwa. Ukishakabidhiwa kopo na fomu, safari ni yako.

Hospitali ya pili, ile kubwa yenye maabara, ndiyo ninayoiandikia haya. Jina sitataja.

Pale dirisha la kupokelea sampuli kuna kijana. Alivaa glavu, akanyanyua kopo usawa wa macho, akasoma plasta iliyobandikwa, akasoma fomu, akarudia kusoma plasta. "Dada, kopo linasema titi la kulia. Fomu inasema kushoto. Siwezi kupokea."

Nikamwambia ni la kushoto, mimi mwenyewe ndiye niliyemsaidia kuvaa nguo baada ya kutoka thieta. "Nakuamini dada, ila anayejua ni aliyekata. Arekebishe yeye, aweke saini." Nikamwomba kalamu ya wino nirekebishe mwenyewe tuyamalize. Akacheka, kopo akanisukumia taratibu.

Nilichukia, sitaki kudanganya. Foleni nyuma yangu, jua lile, nauli ya kurudi. Lakini hata kwenye kunikatalia kwake alifanya jambo moja: aliona fomalini imefunika nyama kwa shida, akaniongezea. Akasema inatakiwa iwe angalau mara kumi ya kile kilichomo, la sivyo nje kunashika dawa huku katikati kunaanza kuoza, na kilichooza hakisomeki hata aje daktari gani.

Kule nilikotoka nikamkuta sista akimalizia zamu. Akafungua kitabu cha thieta, kidole kikashuka mstari kwa mstari. Mdogo wangu: kushoto. Mstari wa chini yake, mama mwingine, siku hiyo hiyo, uvimbe kwenye titi: kulia. Sista akanyamaza kidogo, halafu akaenda kumwita daktari.

Hapo hasira zangu ziliishia. Kopo la yule mama lilikuwa bado mezani, na nyama yake ilikuwa kubwa mara mbili ya yetu, kwa hiyo daktari hakuhangaika kujua kipi ni cha nani. Jina na namba ya faili kwenye kopo letu vilikuwa sahihi, upande tu ndio uliokosewa wakati wa kunakili. Akaandika fomu mpya na lebo mpya, akasaini zote mbili mbele yangu. Je, yangekuwa makopo yanayofanana? Na yule kijana angekuwa mtu wa "lete tu, tutajaza"?

Kesho yake walipokea bila neno. Nikapewa namba, nikalipia, nikaambiwa nirudi baada ya siku kumi.

Siku kumi zikawa kumi na saba. Hii ndiyo kasoro yangu ya kwanza, na si kuchelewa kwenyewe. Tatizo ni kwamba namba yangu ya simu waliichukua na hakuna aliyenitumia hata meseji moja. Nilikwenda mara mbili bure. Mara ya pili mtaalamu mmoja wa maabara alinihurumia akanieleza kwa nini kipimo hiki si kama cha malaria, unachomwa kidole na robo saa una jibu. Nyama inakatwa vipande, inawekwa kwenye vijisanduku vya plastiki, inapitishwa kwenye alkoholi ili maji yote yatoke, kisha zailini, kemikali ya kuiondoa hiyo alkoholi, kisha nta ya moto. Ikipoa inakuwa kibonge kigumu cha nta chenye nyama ndani. Kibonge hicho ndicho kinachokatwa kwa mashine, vipande vya mikroni tatu au nne, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene zaidi ya mara kumi. Vinawekwa vielee juu ya maji ya uvuguvugu vijikunjue, vinaopolewa kwa kioo, vinatiwa rangi ya bluu na ya waridi, ndipo vinamfikia daktari wa patholojia. Na madaktari hao ni wachache, mafaili ni mengi.

Angeniambia hivyo siku ya kwanza ningekaa nyumbani kwa amani.

Kasoro ya pili ni majibu yenyewe. Karatasi imepitishwa dirishani, imekunjwa, Kiingereza kitupu. Mdogo wangu aliona neno fibroadenoma, akaliingiza kwenye simu, na kabla hatujafika getini alikuwa analia kwa sababu ya hilo "oma", maana majina mengi ya saratani huishia hivyo. Kumbe ni uvimbe usio saratani, unaowapata sana wasichana wa umri wake, na mstari wa mwisho ulisema hivyo hivyo kwa maneno yao. Daktari wake alitueleza kesho yake kwa dakika mbili. Usiku mzima wa katikati hapo nani anaulipa?

Nyota nne. Ningetoa mbili, lakini nikimkumbuka yule kijana na glavu zake naongeza mbili.

Ukipeleka kopo, lisome kabla hujatoka thieta: majina yote, namba ya faili, upande, tarehe, na ulinganishe na fomu. Ukichukua majibu, angalia juu ya karatasi kuna namba ya bloku, yaani ya kibonge cha nta. Vile vibonge vya nta havitupwi, vinatunzwa miaka, na daktari mwingine akitaka kusoma upya anakatiwa kipande kutoka humo humo bila mgonjwa kuguswa tena. Ya mdogo wangu nimeiandika nyuma ya kadi yake ya kliniki, na picha yake ninayo kwenye simu.