Uzoefu wangu na Bleak House ya BBC (2005)

Naitanguliza hukumu yangu: Bleak House ya BBC, tamthilia ya televisheni iliyorushwa kati ya Oktoba na Desemba 2005, inazipita nyingi nilizowahi kuziona katika fani hii ya mavazi ya kale na magari ya farasi, lakini aliyeisoma riwaya ya Charles Dickens atagundua kwamba mwandishi mwenyewe amefungiwa nje. Nilinunua seti ya DVD, nikaitazama pamoja na watu wa nyumbani, na hadi leo hatujakubaliana juu yake.

Sifa ya kwanza naupa mgawanyo wa hadithi. Dickens aliitoa riwaya hiyo kwa vijitabu vya kila mwezi kuanzia Machi 1852 hadi Septemba 1853, kwa shilingi moja kila kijitabu, na wasomaji wake walikuwa hawana budi kusubiri ili wajue nani amekufa na nani anaficha nini. Andrew Davies, aliyeandika mswada wa televisheni, aliigawa katika sehemu 15, ya kwanza ya saa nzima na zilizobaki za nusu saa, nazo zikarushwa mara mbili kwa wiki baada ya EastEnders, tamthilia ya maisha ya uswahilini London. Walikuwepo walioona kwamba huko ni kumshusha hadhi mwandishi mkubwa. Kwa maoni yangu, huko ndiko alikotoka, kwani kila sehemu inakatika pale pale ambapo mtu hawezi kuzima televisheni akalala.

Mfano ni tukio la mwanzoni kabisa. Wakili Tulkinghorn, anayeigizwa na Charles Dance, anamsomea Lady Dedlock nyaraka za kesi ya mirathi ya Jarndyce na Jarndyce, kesi iliyokaa mahakamani hadi waliozaliwa ndani yake wamezeeka. Bibi huyo, ambaye ni Gillian Anderson, amechoshwa na kila kitu: mvua, mume, nyumba, maisha. Mara jicho lake linaangukia mwandiko wa hati moja ya kiapo, naye anauliza, kana kwamba hajali, ni nani aliyeinakili. Uso wake hausogei, ila wakili ameshaelewa kwamba swali hilo lina bei, na kuanzia hapo hadithi nzima ni mbio kati ya hao wawili. Dance hapandishi sauti hata mara moja, na ndiyo maana anatisha.

Waigizaji wengine nao hawakubahatisha. Anna Maxwell Martin, aliyepata BAFTA, tuzo ya Uingereza ya filamu na televisheni, kwa kazi hii, amemwokoa Esther Summerson, binti yatima na mhusika mkuu ambaye kitabuni wema wake hunichosha. Burn Gorman, katika nafasi ya karani Guppy, ndiye aliyetuchekesha na kutukera kwa wakati mmoja: alikuwa amemposa Esther kwa maneno matamu, lakini siku anapomwona usoni baada ya ugonjwa uliomwachia makovu, rangi inambadilika na anaanza kujitoa kimaneno, kisheria, hatua kwa hatua, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. Dada yangu alisema anamfahamu Guppy huyo, na hakuwa anatania.

Kilichoniudhi ni uhariri. Kila onyesho linapohama, kamera inaruka kwa kasi na mshindo wa sauti unapiga, mara nyumba, mara jumba, mara mahakama, hadi mtu unahisi unasukumwa. Vijana waliokuwa nami waliona ni uchangamfu. Mimi niliona ni kutowaamini watazamaji. Aliyeongoza sehemu nyingi, Justin Chadwick, ndiye baadaye aliyekuja Kenya kutengeneza The First Grader, filamu ya Mzee Kimani Maruge aliyeanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, na kule alijua kuituliza kamera mbele ya uso wa mtu. Wanaotaka utulivu wa namna hiyo katika Bleak House waitafute ile ya BBC ya mwaka 1985, yenye Diana Rigg na ukungu wa kutosha.

Upungufu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni ule niliousema mwanzoni: sauti ya mwandishi imefungiwa nje. Riwaya inasimuliwa na wawili: Esther, anayekumbuka yaliyopita, na msimulizi asiye na jina, mwenye hasira na kejeli, anayesema kana kwamba mambo yanatokea sasa. Huyu wa pili ndiye anayeifanya Mahakama ya Chancery, ile yenye kesi ya Jarndyce, kuwa mhusika, na Jo, yule mtoto mfagiaji wa barabarani asiye na kwao, anapokufa, ndiye anayemgeukia Malkia na mabwana wakubwa kuwaambia kwamba vifo vya namna hii viko kila siku pembeni mwao. Katika televisheni Jo anakufa, tunalia, na hakuna anayelaumiwa.

Msomaji wa Kiafrika atamkumbuka pia Mrs Jellyby, anayeandika barua usiku na mchana kuhusu mradi wa kahawa wa Borrioboola-Gha, kando ya mto Niger, huku watoto wake wakiporomoka ngazini bila wa kuwaokota. Tamthilia inampitia upesi, na nilisikitika, maana dhihaka hiyo haijazeeka. Ni kweli kwamba Dickens anamcheka mfadhili pasipo kumheshimu huyo Mwafrika wa mbali, kwani mwishoni mradi unavunjika kwa sababu mfalme wa huko anataka kuuza kila aliyenusurika na hali ya hewa ya huko apate pombe. Lakini hilo nalo lingefaa lionekane, ili tulijadili.

Kwa anayefikiria kununua: seti haina manukuu ya Kiswahili, na Kiingereza cha mawakili ni kizito, hivyo washa manukuu ya Kiingereza hata kama lugha unaijua. Sehemu ya kwanza ina majina mengi mno, ivumilie. Na ukiwa na kesi ya mirathi inayoendelea katika ukoo wenu, itazame ukiwa peke yako kwanza kabla hujawaita ndugu sebuleni.