Amplifaya ya gari ya wati 500 na sabufa mbili za inchi 12: uzoefu wangu

Dukani maandishi ya kwenye boksi sikuyasoma, niliomba kuona fyuzi, maana ndiyo inayoweka kikomo cha umeme unaoingia. Amplifaya ya kwanza niliyooneshwa ilijinadi kuwa na wati 3000, lakini ubavuni ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 30. Gari likiwa limewashwa umeme wake ni kama volti 13.8, na 13.8 mara 30 ni wati 414. Zikiingia 414, hizo 3000 zinatoka wapi? Muuzaji akasema ndiyo inayotoka sana. Nikairudisha kwenye shelfu.

Niliyoichukua haina jina kubwa wala taa za urembo. Ni ya chaneli moja, daraja D, wati 500 za RMS (nguvu inayotolewa mfululizo, siyo ya kilele cha mara moja) kwenye omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), wati 300 kwenye omu 4, na ina fyuzi mbili za ampea 25. Hapo hesabu inaingia akilini. Amplifaya za daraja D hupoteza umeme kidogo tu kwa joto, kwa hiyo kupata wati 500 unahitaji kama ampea 45.

Sabufa zangu zina koili (waya uliozungushwa unaosukuma spika) moja moja ya omu 4, na kila moja inabeba wati 250 za RMS. Nimeziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikawa omu 2, yaani pale pale amplifaya inapotoa nguvu yake yote. (Ukipima kwa mita itasoma pungufu kidogo, usishtuke.) Kama unanunua zenye koili mbili, piga hesabu kabla ya kulipa. Sabufa mbili zenye koili mbili za omu 4 kila moja zitakupa omu 1, 4 au 16. Omu 2 huipati hata uzipindue vipi, na amplifaya inayoishia omu 2 ukiipa 1 itajizima au itaungua. Kwa kutafuta omu 2, chukua zenye koili mbili za omu 2.

Kwenye geini, yaani kitufe cha kulinganisha amplifaya na nguvu ya mawimbi ya redio, ndipo wengi wanapounguzia sabufa, kwa sababu wanaichukulia kama sauti na kuizungusha mpaka mwisho. Mimi nilichomoa sabufa, nikaondoa nyongeza zote za besi, nikaweka redio robo tatu ya sauti na kucheza mlio wa hezi 50. Kisha nikapima volti za AC kwenye tundu za kutokea. Unatafuta kipeuo cha pili cha wati mara omu: 500 mara 2 ni 1000, kipeuo chake 31.6. Mita ilipogusa 31 niliiacha geini hapo, na ilikuwa bado haijafika hata nusu. Kichujio, kinachopitisha besi tu, nimekiweka hezi 80.

Waya msiuonee ubahili. Vifurushi vingi vya bei rahisi vina alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu unaona weupe ndani. Nilinunua shaba tupu ya geji 4 (geji ni kipimo cha unene wa waya), fyuzi nikaifunga karibu kabisa na betri, na waya wa hasi nikaukaza kwenye bodi ya gari mahali nilipokwangua rangi hadi chuma kikang'aa.

Matokeo? Besi ni kavu, inapiga na kuachia, haivumi hovyo. Boksi la sabufa zangu limezibwa, na hilo linachangia. Ukitaka vioo vitetemeke mtaa mzima, hii siyo. Kwenye safari ndefu mwili wa amplifaya unakuwa vuguvugu tu, na haijawahi kujizima. Usiku, injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), taa za mbele zinafifia kidogo besi ikigonga; ukikanyaga mafuta zinarudi.

Kasoro zipo. Tundu za umeme ni finyu mno, waya wa geji 4 ulibidi niusokote sana ndipo uingie, na skrubu zake ni laini, zinalika kichwa upesi. Kidude cha kurekebisha besi kutoka mbele kina waya mfupi: kwenye gari dogo kinafika, kwenye gari refu utalazimika kuuongeza. Nyota moja nimeikata kwa hizo skrubu.