Figo: kingamwili zinazonasa na zinazolenga
Mtoto wa Ngamiani akiamka uso umevimba na mkojo una rangi ya chai kavu, apelekwe hospitali ya Bombo, Tanga, mapema. Mara nyingi chanzo ni bakteria aina ya streptokoka: wiki 1 hadi 3 baada ya kuumwa koo, au 3 hadi 6 baada ya vidonda vya ngozi. Kingamwili (protini za mwili za kupambana na vijidudu) hushikana na antijeni, yaani chembe za bakteria zinazotambuliwa na kinga, mafungu hayo yakanasa kwenye vichujio vya figo, yakaamsha komplementi (protini za damu zinazosaidia kinga), na kichujio kikavimba. Chini ya hadubini ya mwanga maalumu huonekana punjepunje. Watoto wengi hupona, ila presha lazima idhibitiwe. Lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, nayo hupita njia hii, lakini haiishi yenyewe.

Njia ya pili ni adimu, nami naiogopa zaidi. Katika ugonjwa wa Goodpasture, kingamwili hulenga moja kwa moja kolajeni aina ya 4, protini iliyo kwenye utando wa kichujio. Hadubini huonyesha mstari mwembamba usiokatika. Figo zaweza kushindwa ndani ya wiki chache, hata mapafu yakavuja damu. Kusafisha plazima (majimaji ya damu) na dawa za kushusha kinga havingoji kabisa.