Uzoefu wangu na Precision Air: kwa nini nachagua pangaboi

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Moshi kwa ATR, ndege ya abiria inayosukumwa na mapanga (propela), mara nyingi atakunja uso. "Hiyo pangaboi?" Neno hilo, jina la utani la ndege za mapanga, lilivuma sana mwaka 2016, Serikali ilipopokea Bombardier Q400 mbili kwa ajili ya Air Tanzania na wengine wakasema tumeletewa ndege za kizamani. Mimi ni abiria wa miaka mingi wa shirika la ndege la Precision Air kati ya Dar na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulio karibu na Moshi, na nikipewa hiari bado nachagua pangaboi.

Tazama ramani. Dar hadi KIA ni kama kilomita 450 kwa anga. Jeti haijatulia huko juu imeshaanza kuteremka, na mafuta mengi imeyamaliza ikipanda. ATR 72 inakwenda takriban kilomita 500 kwa saa, hivyo unachopoteza ni dakika chache tu. Haihitaji njia ndefu ya kurukia, na bawa lake limekaa juu, mbali na kokoto. Kwa viwanja vyetu vingi vya mikoani hilo si jambo dogo.

Precision Air yenyewe ilianzia Arusha mwaka 1993. Mwanzilishi wake, marehemu Michael Shirima, alianza na Piper Aztec, kindege cha abiria watano, kwa safari za kukodi. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa, na mwaka 2011 Watanzania wa kawaida wakapata nafasi ya kununua hisa kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Katikati ya hayo kulikuwa na kipindi cha Boeing 737-300 zilizofika hadi Johannesburg. Hazikudumu. Naamini kuziacha na kubaki na ATR 42 na ATR 72 ulikuwa uamuzi wa busara, maana biashara ya kampuni hii ni Mwanza, Kilimanjaro, Bukoba, Zanzibar na Nairobi, na safari hizo zinaidai ndege ya ukubwa huo.

Siwezi kuisifu kampuni nikairuka Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 yake iliyotoka Dar ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliowahi kufika, kwa mitumbwi yao. Tangu siku ile, maelezo ya usalama yakianza naweka simu chini na kuhesabu viti hadi kwenye mlango ulio karibu nami, na jaketi la kuokolea nahakikisha liko mahali pake. Nawaomba abiria wenzangu wafanye hivyo. Inaumiza kuona mhudumu akieleza peke yake huku watu wote wameinamia WhatsApp.

Ndani viti ni viwili kila upande, kwa hiyo hakuna anayebanwa katikati. Abiria hupandia mlango wa nyuma, wenye ngazi yake. Ukikaa mbele, usawa wa mapanga, mngurumo utausikia safari nzima; nyuma kuna utulivu zaidi, na mkitua unakuwa wa kwanza kushuka. Kwenda KIA omba dirisha la kulia, kurudi la kushoto. ATR hairuhusiwi kupita futi 25,000, na Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kina futi zaidi ya 19,000, kwa hiyo anga ikiwa nyeupe mlima hauutazami chini sana kama ukiwa kwenye jeti. Unauona ubavuni.

Jambo moja huwatia wageni hofu: ndege imesimama uwanjani, injini ya kulia inanguruma, lakini panga lake halizunguki. Si ubovu. ATR haina ile injini ndogo ya mkiani waliyonayo jeti, kwa hiyo panga la kulia hufungwa breki na injini yake ikaachwa itoe umeme na hewa baridi.

Kabati za juu ni ndogo. Begi la magurudumu linaloingia vizuri kwenye Airbus huenda hapa likakataa, basi dawa, hati na kompyuta viweke kwenye mkoba utakaoingia chini ya kiti cha mbele yako.