Baada ya Dune: Juzuu Zipi Zinafaa Kununuliwa

Anayemaliza kusoma Dune ya Frank Herbert, riwaya ya mwaka 1965 kuhusu sayari ya jangwa iitwayo Arrakis, hukuta kwamba mwandishi mwenyewe aliiendeleza kwa juzuu tano, na kwamba baada ya kifo chake mwaka 1986, mwanawe Brian, akishirikiana na Kevin J. Anderson, ameongeza nyingine nyingi kuliko za baba. Kuzinunua zote ni kutupa fedha.

Ya kwanza ni Dune Messiah ya 1969, na kama mfuko unaruhusu moja tu, iwe hiyo. Ni nyembamba, ina mazungumzo mengi kuliko mapigano, na John W. Campbell, mhariri aliyeichapa Dune kwa sehemu katika jarida la Analog, aliikataa. Hata hivyo, ndiyo inayofichua shabaha ya Herbert. Miaka 12 baada ya kutwaa ufalme, Paul Atreides, shujaa wa Dune, anamtajia Stilgar, mfuasi wake, habari za mtawala wa kale aitwaye Hitler, aliyeua watu zaidi ya milioni sita. Stilgar haoni kama hizo ni nyingi, ndipo Paul anapomhesabia wake mwenyewe, ambao ni bilioni 61. Msomaji wa Kiswahili, ambaye tangu juzuu ya kwanza amekuwa akisikia Mahdi, jihadi na ghaibu bila kufungua kamusi, ataonja uchungu wa ukurasa huo upesi zaidi.

Children of Dune (1976) hufuata kwa sababu inafunga hadithi ya familia, ingawa katikati inajikokota. Yapo matoleo yanayounganisha riwaya tatu za mwanzo katika kitabu kimoja kinene, na kwa asiyemiliki hata ya kwanza hiyo ndiyo njia ya nafuu.

God Emperor of Dune (1981) imenisumbua kuipanga. Inaruka miaka 3,500 na kumweka kitini Leto wa Pili, mwana wa Paul, nusu mtu nusu mnyoo, ambaye kazi yake kubwa ni kuzungumza. Mimi naipenda kuliko iliyotangulia, lakini azima nakala kwanza, usome kurasa 50, kisha uamue.

Heretics of Dune (1984) na Chapterhouse: Dune (1985) zinunuliwe pamoja au ziachwe pamoja, kwa kuwa ya pili inaishia na chombo kikitorokea kusikojulikana, na mwandishi akafariki bila kuandika kilichofuata. Kiu hiyo ndiyo inayouza Hunters of Dune (2006) na Sandworms of Dune (2007) za mwanawe na mwenzake. Majibu yamo, ila kila fumbo linafafanuliwa mpaka linakosa ladha, nami naziweka mkiani. Kwa kuwa jina la Herbert limo katika majalada yote, soma pia jina la kwanza kabla ya kulipa.